Bata Mzinga Mwenye Alama Mbili

Kiapo alikuwa amesimama kwenye foleni ya bucha, hana nia ya kununua hata mfupa, alipomsikia Bosi Saruji akimfokea mkewe kwenye simu.

"Mama kasema wazi! Kati yangu na dada, atakayeleta kitoweo kitakachomkosha moyo siku ya Krismasi, ndiye atakayeachiwa nyumba. Mbuzi? Mbuzi kila mtu anapeleka! Na huyo wifi yako na duka lake la keki, ninavyomjua, keshapanga jambo!"

Kiapo aliitwa hivyo kwa sababu hakumaliza sentensi bila kuapa, na hakuapa bila mtu kulia baadaye. Bosi Saruji yeye aliuza mifuko ya saruji iliyopunjwa, chini ya leseni iliyotiwa fremu. Mjini kwetu mwizi ni yule asiye na ukuta wa kutundikia fremu.

"Samahani, mkubwa," Kiapo akamnong'oneza. "Nyumba haipatikani kwa mbuzi. Nyumba inataka bata mzinga."

"Unaye?"

"Haki ya Mungu, ninaye mmoja. Mji mzima huu hana mwenzake."

Hapo, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alisema kweli. Bata alikuwa mmoja. Ila hakuwa wake.

Alikuwa wa bibi mmoja aliyekaa peke yake nyuma ya karakana za mabati, akimfuga uani kwake. Kiapo alikwenda kumwazima.

"Nataka kumpiga picha tu, bibi. Ya kalenda. Naapa kwa jina la mama yangu."

"Mama yako anajua unavyolichakaza jina lake? Acha rehani."

Kiapo akavua saa ya marehemu baba yake, kitu pekee alichowahi kukipata bila kumdanganya mtu, akaiweka mezani kama anayeng'olewa jino.

Asubuhi ile ile Bosi Saruji alimminya bata kifua, akameza mate, akalipa. Kisha akamfunga waya mguuni.

"Alama yangu hiyo. Mimi sibadilishiwi mali!" Akayasema hayo mtu aliyeuuzia mtaa mzima maji ya chokaa kwenye makopo ya rangi.

Mchana bata alikuwa jikoni kwa Madamu Keki, mguu wenye waya umevishwa soksi ya mtoto mchanga.

"Soksi ya nini?"

"Huyu kalelewa, madamu. Si ndege wa jalalani. Kaka yako anamtaka kufa na kupona, lakini wallahi, nikasema moyoni, huyu ni wa mtu mwenye ladha."

Aliposikia habari za kaka, madamu hakuuliza tena. Akalipa, akaufunga mguu wa pili kwa utepe wa dhahabu wa duka lake. "Nitamjua kwa huu."

Kila mmoja aliahidiwa kuletewa bata kesho yake alfajiri, siku ya Krismasi, akiwa ameshachinjwa. Kiapo akamrudisha kwa bibi, tayari kuchukua saa yake na kupotea mjini.

Bibi akamvua bata soksi. Akalitazama fundo la waya, lililopinda kushoto. Akaupapasa utepe.

"Saa iko kabatini na ufunguo umenipotea. Njoo kesho mchana, mwanangu."

Ingekuwa kitu kingine, Kiapo angekiacha. Kesho yake akaja. Akafungua mlango: Bosi Saruji upande huu wa meza, Madamu Keki upande ule, wote wamefika mikono mitupu na nyuso za msiba. Katikati, kwenye sinia, bata amebanikwa akawa mwekundu, mguu mmoja umerudishiwa waya, mwingine utepe.

"Ndiye huyu!" wakapiga kelele kwa pamoja.

"Kaeni," bibi akasema. "Miaka mitatu sijawaona hapa. Keki inatumwa, saruji inatumwa, mtoto haji. Fundo hilo la waya nilikufundisha mimi, tukifunga kuku pale uani. Leo mnauziwa bata wa mama yenu na hamumjui!"

"Mama, na nyumba?" Bosi akathubutu.

"Ninaishi ndani yake. Kwani ningewaambia nina ugali na maharage, mngekuja?" Akamgeukia Kiapo. "Toa fedha zao."

"Nirudishie zangu!" akadai Madamu Keki.

"Bata mlimnunulia nani?"

"Wewe, mama."

"Basi mama amepokea bata. Na mwenye bata amepokea fedha. Kuleni, anapoa."

Kiapo akatoa zote, mpaka zile alizoficha kwenye soksi zake. Hata yeye, bingwa wa fani, alihisi kutaka kupiga makofi.

"Na saa yangu, bibi?"

"Utaipata vyombo vikishatakata." Akainama, akaufungua utepe kwenye mguu wa bata, akamfunga Kiapo kwenye kifundo cha mkono, fundo limepinda kushoto. "Alama hiyo. Nisije nikabadilishiwa."