Rufaa ya Mzee Tsuma na Salamu Zangu kwa Jaji

Jumatatu, 6 Juni 1966
Sijapata kumwambia mtu: kitabu cha sheria kinachotafutwa shule nzima nimekificha mimi, ndani ya gunia la makumbi ya nazi jikoni kwetu. Sababu ni Kibwana wa darasani kwetu. Mzee Tsuma mgema, baba yake Mwanapili, amefungwa miezi sita kwa kugema tembo bila kibali. Hakimu alisema sheria inamlazimisha kumfunga, hana hiari. Mwisho wa kupeleka rufaa ni Ijumaa. Na Mwanapili, ambaye miaka miwili sijathubutu kumwambia zaidi ya hujambo, amemwomba Kibwana aiandike. Kibwana, ambaye hajamaliza kitabu hata kimoja.

Jumanne, 7 Juni
Nimekisoma chooni. Sheria iko wazi: kosa la kwanza ni faini au kifungo. Hakimu alikuwa na hiari. Mzee Tsuma hajawahi kushtakiwa maisha yake yote. Msambweni nzima najua mimi tu. Nikatoka nikitabasamu. Nikamwona Kibwana amembebea Mwanapili ndoo. Tabasamu likaisha.

Jumatano, 8 Juni
Nimejikaza, nimekwenda kwa Bi Mbeyu, mama yake Mwanapili. Nikampa shikamoo mara mbili kwa woga. Nikamwambia kwamba Kibwana atamharibia rufaa, mambo ya mahakama yanataka msomi. Akanitazama. Kisha akatoa karatasi ya rufaa kutoka gerezani, tupu, ila chini ina alama ya dole gumba la Mzee Tsuma. "Ni hiyo hiyo moja, mwanangu. Usinichafulie."

Alhamisi, 9 Juni
Nimeandika kwa adabu, kama babu alivyonifundisha. Nimemwamkia jaji. Nimemuulizia mke wake, watoto, wazee wake kama wangali hai, na ng'ombe kama anao. Nikamjulisha kuwa sisi huku hatujambo, ila mvua imezidi. Nilipofika "ama baada ya salamu" nilikuwa juu ya dole gumba. Karatasi imekwisha.

Mwanapili akaja kuisoma, Kibwana nyuma yake. Akasoma mpaka chini.
"Athmani, baba yangu yuko wapi humu?"
  Kibwana akaigeuza karatasi, akasema nyuma ni safi, ila yeye sheria haijui. Ikabidi niseme. Nikaitamka yote kwa moyo, naye akaiandika kwa mistari mitatu. Akaniuliza nimeijuaje. Nikasema nina kumbukumbu nzuri. Mwanapili akamshukuru Kibwana kwa mwandiko.

Jumatatu, 27 Juni
Jaji amesema kifungo hakikuwa lazima. Amekifuta, ametoza faini, na ndugu wameichanga. Mzee Tsuma yuko nyumbani, amekonda. Kwenye pilau Bi Mbeyu alimketisha Kibwana ubavuni mwa mzee, akasema huyu ndiye wakili wetu. Karani wa mahakama aliyeleta habari akaongeza kuwa jaji amesema mke wake hajambo, na ng'ombe hana. Watu walicheka mpaka sinia likatikisika. Mwanapili alicheka kuliko wote, akiwa amemwegemea mama yake, akimtazama Kibwana.

Sikumaliza pilau. Nilinawa, nikaaga, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Nikaripoti kwamba Kibwana huendesha baiskeli usiku bila taa. Askari akauliza mimi naona aadhibiwe vipi. Nikamwambia kifungo. Nikamwambia nimesoma, sheria haina hiari.