Kipa Aliyelelewa kwa Mwani

Ijumaa, 3 Julai

Kipa namba moja wa timu ya taifa kavunjika kidole mazoezini. Maskini. Nilipiga makofi jikoni mpaka mke wangu akauliza nimeungua wapi. Mungu anisamehe! Lakini kipa namba mbili ni Ye-rim. Ye-rim, binti yetu! Miaka tisa anakaa benchi na glovu safi, anawapigia wenzake makofi. Sasa ubingwa wa wanawake wa Asia Mashariki unachezwa hapa hapa mjini kwetu, na atadaka yeye. Kocha kasema wazi: akivurunda, anaitwa binti wa miaka kumi na tisa, na Ye-rim arudi nyumbani na glovu zake. Jumamosi ya wiki ijayo anatimiza thelathini na moja. Nafasi nyingine haipo.

Tatizo ni mimi. Nauza supu ya mwani mwaka wa thelathini na mbili huu. Na nani asiyejua kwamba mtu hali mwani kabla ya mtihani wala mechi? Mwani unateleza, nawe utateleza. Mama Tak, muuza supu ya kuku ng'ambo ya kichochoro, ameshatangaza sokoni: mtoto kalelewa kwa mwani tangu hana meno, mikono ile itadaka nini? Ulimi gani ule!

Jumamosi, 4 Julai

Mpango wa kwanza: kuuficha mwani. Nimepaka rangi kibao changu na kuandika SUPU YA KUKU. Mama Tak kavuka na upawa mkononi, kataka kumwona huyo kuku. Kuku sikuwa naye. Kaniuliza, Baba Ye-rim, umeishiwa akili au ndiyo zimekuja leo? Saa tisa mvua ikanyesha. Rangi yote ikachuruzika hadi mtaroni, MWANI ukatokeza, umeng'aa kuliko ulivyokuwa mpya. Wateja watatu. Wote wametaka mwani.

Jumapili, 5 Julai

Mechi na China. Nimeamka na wazo zuri ajabu. Watoto wakifanya mtihani si tunabandika pipi ya mchele kwenye lango la shule, ili bahati inate? Basi! Saa moja asubuhi nimepita geti la wafagiaji pale uwanjani na birika mkononi, kama naleta chai. Nguzo zote mbili za goli la kusini nimezipaka pipi iliyoyeyushwa, kilo mbili. Ye-rim akaanza upande huo huo. Tukapata bao dakika ya ishirini. Nilijiona mkubwa!

Mapumziko. Timu zikabadilishana magoli.

Hilo sikulifikiria. Miaka yote naangalia mpira, sikulifikiria! Kipindi cha pili kipa wa China kasimama katikati ya pipi yangu, na mipira yetu yote inamfuata mikononi. Ye-rim yuko kule kwenye nguzo tupu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa njiani kwenda pembeni juu kabisa, pale pasipofikika, na mwanangu yuko hewani. Sijui aliruka saa ngapi. Alikuwa amelala hewani, mzima mzima, na vidole vyake vikaugusa ukapita juu. Watu elfu kumi wakasema aa! kwa pamoja. Mimi nilijikuta nimesimama juu ya kiti. Mdomo ulikuwa wazi tu.

Moja bila. Tumeshinda.

Jumatano, 8 Julai

Taiwan, mbili bila. Ye-rim alipiga simu asubuhi, kabla ya mechi. Aliuliza swali moja: wale sisimizi waliopanda kwenye glovu zake Jumapili, ni kazi ya Baba? Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Nikasema ndiyo. Kaniomba, kwa adabu kabisa, nisifanye kitu chochote tena. Chochote, Baba. Nimeahidi. Mke wangu aliyekuwa akisikiliza kasema sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa, 10 Julai

Kesho Japani. Sare inatutosha kuwa mabingwa. Sare tu! Na ahadi ni ahadi. Lakini kuwapa wageni chakula si kufanya kitu, ni ukarimu.

Mashabiki wa Japani wamejaa kichochoroni na fulana zao za buluu. Nimewaita wote, bure, nimewapikia mwani wote uliokuwa ndani mpaka gunia likabaki vumbi. Ndege wawili kwa jiwe moja: wao wateleze na timu yao, na kesho, siku ya kuzaliwa ya Ye-rim, ambayo kwa desturi yetu mtu hupewa supu ya mwani, usipatikane mwani wa kumtia mkosi.

Wamekula. Wamesifu. Mzee mmoja kaniinamia, akanionyesha maneno kwenye simu yake: anashukuru, amejisikia kama yuko nyumbani, maana kwao supu ya mwani ni ya kila asubuhi tangu mtu anaachishwa ziwa. Wachezaji pia? Wachezaji pia. Kila asubuhi! Na vikombe walivyonavyo! Nikatafuta kiti. Wao wakaomba nyongeza.

Jumamosi, 11 Julai

Siku ya kuzaliwa. Mke wangu kafungua gunia. Sitaandika alichosema, isipokuwa hiki: supu ya siku ya kuzaliwa si ya mtoto peke yake, ni ya mama aliyenyweshwa supu hiyo hiyo baada ya uchungu, na uchungu ule ulikuwa wa saa kumi na saba, na mimi siku hiyo nilikuwa nimelala kwenye benchi la hospitali nakoroma. Kisha akabeba sufuria akavuka kichochoro. Kwenda kwa nani? Kwa Mama Tak! Adui alikuwa na mwani kabatini. Wanawake wawili hao wakapika pamoja, na vicheko juu.

Ye-rim alipewa ruhusa ya saa moja. Akala hapo hapo kwa Mama Tak, mlango wazi, mtaa mzima umesimama kuangalia. Nilikimbia na kandambili mguu mmoja. Nikalishika bakuli, nikavuta. Alikuwa amelishika kwa mkono mmoja. Nikavuta kwa miwili. Halikusogea. Akasema, mdomo umejaa, "Baba, kaa ule." Nikakaa. Nikala.

Mechi. Bila kwa bila, dakika baada ya dakika, Mama Tak kakaa ubavuni mwangu maana mke wangu kamnunulia tikiti. Wajapani wanapasiana kama wanasokota uzi. Ye-rim anaruka, anachupa, anatoka, anapiga ngumi, anapanga mabeki kwa sauti iliyofika hadi kwetu. Dakika ya themanini na nane, shuti. Akaudaka.

Ukateleza.

Jamani! Uwanja wote ulisimama. Mpira umempita kwapani, unabingirika taratibu kuelekea kwenye mstari. Mama Tak kanishika shingo. Na mtoto, akiwa chini, akageuka, akajirusha nyuma bila kuangalia, akaufunika kwa kiganja juu ya mstari wenyewe. Hakuuvuta haraka. Aliukalisha pale, akaushika, akainuka, akamkemea beki. Nahodha wa Japani aliweka mikono kichwani, kisha akampigia makofi.

Nimemfunga viatu mtoto yule. Nimemfundisha kushika kijiko. Lakini aliyesimama pale golini sikumjua, nasema kweli, na niliona haya kumwita jina. Filimbi ilipolia nililia, Mama Tak akalia, tukafutana kwa leso moja. Mabingwa!

Jumapili, 12 Julai

Ye-rim amekuja, kidole alichoumia jana kimefungwa bandeji. Ataitwa tena, kocha kamwambia mwenyewe. Mashindano yajayo ni Japani. Akaniketisha, akanishika mikono yote miwili, akaniomba niape kwamba safari hiyo nitakaa kwenye kiti na kuangalia tu. Amesema anapenda nikiangalia. Nimeapa. Machozi yalinitoka. Katika umri huu nimejifunza: mwani ni mwani, na mtoto anajiweza.

Ila mteja mmoja, mjuzi wa ardhi na upepo, anayesoma bahati ya mahali, kaniambia goli moja la uwanja ule wa Japani limeelekea vibaya kabisa. Kaskazini! Dhiraa mbili tu zingetosha kulinyoosha. Na mtu aliyeona nilichokiona jana atakaaje mikono mitupu?

Nimeuliza bandarini kama makoleo ya kuchimbia yanaruhusiwa melini. Yakiwa ya kukunja, ruksa. Mama Tak atabeba la pili.