Paa Langu la Manila

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Mbarara.

Zoezi la tatu limetoka. Mwalimu Kalisa amegawa karatasi za manila, moja kwa kila mwanafunzi, kila moja na sahihi yake ili tusibadilishe. Tuikunje iwe paa. Mkasi hakuna, gundi hakuna. Jumatatu ijayo ataweka juu yake kikombe chake cha bati kikiwa kimejaa chai. Kisha umbo hilohilo tulichore kwenye kompyuta, paa na mchoro vifanane kama mapacha.

Nimeshaanguka mazoezi mawili. Nikianguka na hili, nafasi yangu katika chuo cha usanifu imekwisha, narudi kwetu Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kupalilia maharage. Na mama ameshawaambia wanawake wote wa parokia waniite Injiniya!

Umwiza, msichana Mkongomani wa pale Kashojwa, kambini kwetu, alianza kukunja hapohapo darasani. Anajionyesha. Nimeficha daftari langu asiniibie mawazo. Bado sina mawazo. Lakini yakija?

Jumatano, 10 Septemba. Mbarara.

Yamekuja! Wengine wanahangaika na karatasi, mimi nimeanza na kompyuta. Akili ni mali. Nimechora paa lenye mabawa, linapinda, linarudi, linapita katikati yake lenyewe na kutokea upande wa pili. Kompyuta haikubisha hata kidogo. Nimeligeuzageuza kwenye kioo mpaka mlinzi wa maktaba akatufukuza.

Jioni nikajaribu kwa gazeti. Gazeti limekataa. Gradi, ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa Bukavu, aliutazama mchoro wangu huku akimenya ndizi. Akasema: "Ndugu yangu, karatasi haiwezi kupita ndani ya karatasi. Hakuna fasi." Nikamwambia nafasi ipo, ila yeye hajui usanifu, anasomea uuguzi. Akasema hata mwilini ni vilevile.

Ijumaa, 12 Septemba. Rubondo.

Mpango mpya. Nimekunja manila kwa njia rahisi, kwenda na kurudi, kama sketi ya shule. Ikasimama! Nikaweka kikombe. Ikalala.

Lakini mimi ni mtoto wa Cansilde. Mama ndiye anayefua vitambaa vya altare, na akishavitia wanga wa muhogo vinakauka kama mbao. Sheria ya Mwalimu Kalisa inakataza gundi. Muhogo haikuutaja. Nimepanda gari la Nakivale mchana huohuo.

Jumamosi, 13 Septemba. Rubondo.

Nilimvizia mama alipokwenda kisimani, nikachovya paa langu kwenye sufuria yake ya wanga, nikalianika uani kando ya vitambaa. Alasiri lilikuwa gumu ajabu. Nikaligonga kwa ukucha: ko! Nikaweka kikombe cha maji. Nikaweka jiwe. Halikutikisika.

Dada yangu Diane akauliza kama hiyo si gundi. Nikamwambia ni uji tu, na kama anaona uji ni gundi basi asinywe. Akaenda zake. Nimeshinda.

Jumapili, 14 Septemba. Rubondo.

Msiba!

Mama huamka kupiga pasi vitambaa kabla ya kengele ya misa. Nyumbani kwetu kitu chochote kilichotiwa wanga hupigwa pasi. Ndiyo desturi, hakuna anayeuliza. Amekuta paa langu katikati ya vitambaa vyake. Amelinyunyizia maji, amelinyoosha, amelipitishia pasi ya mkaa pande zote mbili. Nimelikuta mezani, bapa, laini, halina hata alama ya shida. Mama alikuwa aking'aa kwa fahari. "Mwana wangu, ungepeleka kitu kimejikunja vile kwa bwana mwalimu? Angesema hauna mama."

Nikasema asante mama. Misa nzima niliomba, sikusikia hata mahubiri. Nimerudi nikalikunja upya, linapasuka kama chapati ya juzi. Naogopa. Naogopa kweli.

Jumatatu, 15 Septemba. Mbarara.

Mvua njia nzima. Nimefika darasani paa limelegea na linanata.

Mwalimu Kalisa akaweka kikombe. Paa likazama polepole, kwa adabu. Sawa, si langu peke yake lililoanguka. Lakini alipoinua kikombe, paa likamfuata! Akatikisa. Likang'ang'ania. Darasa likapasuka kwa kicheko. Umwiza tu aliinamisha kichwa, bila shaka anachekea ndani. Mwalimu akanusa vidole vyake. "Wewe kijana. Hii kitu ni muhogo?"

Kisha akafungua mchoro wangu, lile paa lenye mabawa, akauliza katika hayo mawili lipi ndilo langu. Nikasema moja ni la leo na jingine ni la baadaye. Hakucheka. Amenipa manila mpya. Alhamisi nikunje mbele yake, kwa mikono mitupu, na mchoro ufanane. Likianguka, nifungashe vitu vyangu.

Jumatano, 17 Septemba. Mbarara.

Nimemruhusu Umwiza anifundishe. Alijitolea mwenyewe, sikutaka kumvunja moyo.

Tulikaa kwenye baraza la maktaba na rundo la magazeti ya Gradi. Kunjo moja lipande kama mlima, linalofuata lishuke kama bonde. Kila nikisukuma anaushika mkono wangu: "Usiilazimishe, kaka. Angalia fasi yenyewe inataka kwenda." Tukimaliza kunjo, ndipo ananiruhusu kulichora kwenye kompyuta. Kunjo kwanza, mchoro baadaye. Mateso! Nikikumbuka jembe lililoegeshwa nyuma ya nyumba yetu, nakunja tena.

Alhamisi, 18 Septemba. Mbarara.

Limesimama!

Mwalimu aliweka kikombe, akaondoa mkono. Paa likashuka kidogo, kama mtu anayeketi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kikombe kilikuwa bado juu na mwalimu alikuwa anaangalia mchoro. "Umepita," akasema. "Kidogo tu."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya vyoo, sioni aibu kuliandika. Kisha nikampigia mama. Alipiga vigelegele mpaka sikio langu likauma.

Jumapili, 21 Septemba. Rubondo.

Nimegundua nina kipaji. Umwiza alinisaidia hapa na pale, hasa kushika magazeti.

Baada ya misa wanawake wa parokia walinizunguka, Injiniya huku, Injiniya kule. Mmoja akalalamika kwamba paa la kigango chetu linavuja juu ya altare. Mtu fulani akajibu kwamba hiyo ni kazi ndogo, linaweza kukunjwa jipya kwa turubai moja kubwa, bila msumari hata mmoja, kabla ya askofu kuja kutoa kipaimara mwezi ujao. Nadhani mtu huyo nilikuwa mimi. Padri ametangaza hapohapo. Mama amelia mbele za watu.

Umwiza amepata habari, sijui kwa nani. Amepiga simu kuuliza kama nimejaribu kwanza na kipande kidogo. Wivu huo! Turubai ni karatasi tu iliyokua.

Nimewaagiza vijana wa kwaya wayateremshe mabati ya zamani leo leo, ili niione vizuri nafasi nitakayoifanyia kazi. Wamenitii. Hakuna bati hata moja lililobaki juu, na sasa wamekaa kwenye mabenchi, wananitazama, wananisubiri niwaambie tunaanzia wapi.