Kupata Mdhamini, Bonyeza Moja

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa Tidwell na Washirika unapenda kuutangazia umma wa Pecan Bluff, Texas, na dunia kwa ujumla, kwamba Kamati ya Kumwezesha Wakala Mpya Kumchagua Mdhamini kwa Hiari imetimiza mwaka mmoja wa mafanikio. Mimi, Clifton Purvis, ndiye mwenyekiti. Mwongozo wa hiari hiyo una kurasa arobaini, na wakala anatakiwa kutia sahihi kila ukurasa.

Kwa asiyejua biashara yetu ya kuuza nyumba: huku kwetu ukifaulu mtihani wa uwakala unapewa leseni iliyolala. Huuzi hata banda la kuku mpaka dalali mkuu akubali kukudhamini, yaani abebe lawama ya kila utakalofanya. Sheria inasema wakala ndiye anayemchagua mdhamini. Sisi tunaiheshimu sheria, kwa hiyo tunamsaidia atuchague sisi.

Mdhamini wetu ni Bwana Royce Tidwell. Sura yake iko kwenye mabango yote ya barabara kuu, kwenye mabenchi ya bustanini, na kwenye chupa za maji tunazogawa misibani. Nimefanya kazi chini yake miaka sita na sijawahi kumwona ana kwa ana. Mabango yanamwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu, na mimi nimeridhika na kiwango hicho. Namba yake ya simu hatukupewa, ili tusimchoshe.

Jumanne moja alikuja Rosaura Cantú. Alikuwa dereva wa basi la shule, akaacha kazi, akafaulu mtihani. Shangazi yake Chelo alikuwa anauza nyumba na alimwambia atamngoja hadi Ijumaa. Leseni ikiwa bado imelala, nyumba anapewa wakala mwingine. Basi lake la shule lilikuwa limeshapata dereva mpya. Kwa kifupi, binti alikuwa ameshaingia kwenye mtego wetu.

Tulimkaribisha kwa nyama ya kifua iliyopikwa kwa moshi tangu usiku, na chai ya baridi. Lorene Stubbs, Mkurugenzi wa Udugu, ndiye aliyefungua kikao.

"Sisi hapa si kampuni, mpenzi. Ni familia."

"Familia ninayo, mama. Iko nje kwenye gari inaningoja. Mimi natafuta mdhamini."

Lorene akamwonyesha kengele tunayoipiga nyumba ikiuzwa. Rosaura akaitazama kengele kwa adabu, akarudi kwangu.

"Nina swali moja tu, bwana. Jumamosi jioni mnunuzi ananiletea mkataba una kipengele sikielewi. Nani ananipokelea simu?"

Lorene akanitazama mimi. Mimi nikaitazama nyama. Simu yangu ikatetemeka mezani: namba nisiyoijua, ile ile iliyokuwa ikinisumbua tangu wiki iliyopita. Nikaikata, maana Sera ya Uwepo Kamili inatutaka tumpe mgeni masikio yetu yote.

"Tuna Mfumo," nikamjibu.

"Mfumo anaitwa nani?"

Nikacheka kwa upole, nikamwambia ajaribu mwenyewe, palepale. Akapiga namba ya ofisi, akaweka sauti ya juu. Bwana Tidwell akajaa chumbani, sauti nzito iliyorekodiwa, ya kutuliza ng'ombe: "Halo, rafiki! Kuuza, bonyeza moja. Kununua, bonyeza mbili. Mkataba ukikutisha, bonyeza saba." Rosaura akabonyeza saba. Gitaa likapigwa. Lorene akatingisha kichwa kwa raha. Kisha simu yangu ikaita, namba ngeni nyingine. Nikaikata.

"Pole, rafiki," Mfumo ukasema. "Mhusika yuko kwenye mkutano."

Rosaura akaiangalia simu yake, akaiangalia yangu, akapiga tena. Gitaa. Yangu ikaita.

"Bwana Purvis, huyo anayekupigia ni mimi."

"Haiwezekani. Wewe uko hapa."

"Ndiyo maana nakwambia!"

Nikamweleza kwamba huo ndio uimara wa Mfumo: uanzie popote, utafika. Akashukuru, akafunga nyama sahani mbili za familia ya garini, akaondoka. Kesho yake tukasikia amedhaminiwa na Bi Odessa Pruitt, bibi mmoja mwenye ofisi nyuma ya duka la matairi. Hana kamati, hana kengele. Ana feni na simu ya mezani.

"Atarudi," Lorene akasema. "Joto la kule halivumiliki."

Kwenye ripoti niliandika kwamba mgombea hakukidhi viwango vya udugu.

Jumatatu iliyofuata nilipita kilimani, kwenye geti la Bwana Tidwell. Huwa napunguza mwendo pale kwa heshima. Nikamkuta Rosaura na nyundo, anapigilia kibao cha NYUMBA INAUZWA chenye jina la Bi Odessa. Nikashuka mbio.

"Binti, umekosea geti! Hapa ni kwa Bwana Tidwell."

"Najua. Nimetoka kunywa naye kahawa."

"Anauza? Kupitia nyinyi? Mtu ana kampuni yake ya kuuza nyumba!"

"Hata yeye alisema hivyo hivyo. Kaipigia wiki mbili. Anabonyeza, anasikia sauti yake mwenyewe inamwita rafiki, gitaa linapigwa, halafu kuna mtu anamkatia. Akampigia Bi Odessa, Bi Odessa akapokea. Basi." Akagonga msumari wa mwisho. "Ya shangazi tulitia sahihi Ijumaa, asante kwa kuuliza."

Sikuwa nimeuliza. 

"Na zaidi ya kuuza nyumba, alikuwa anatutafutia nini?"

"Kuwaaga. Anastaafu, anafunga. Leseni zenu zote zinalala mwisho wa mwezi. Anasema ni uungwana mjue mapema, lakini hampatikani."

"Bi Odessa... ana nafasi?"

"Mpigie umuulize. Anapokea."

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Namba ile ile. Nikainua macho: kule kibarazani alisimama mzee mfupi mwenye kofia kubwa, simu sikioni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaiona miguu yake. Alikuwa amevaa ndara.

Nikapokea. "Halo," nikasema.

Nikamwona anaitoa simu sikioni, anaikodolea macho, anasogeza kidole taratibu, anabonyeza moja.