Mashua ya Bwana Hellemans na Barua Yangu

Siku ya kwanza, yaani Jumatatu, 5 Juni 1961

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama umeshindwa kulifunga, basi usimsimulie mtu neno hata moja. Hasa mtu wa Elisabethville. Hasa kama anauza baisikeli. Mimi ni Paulin, karani wa barua. Nimezaliwa mji huu huu, lakini baba alitoka Kasai, na mwaka huu watu wa huko wanafukuzwa hapa; jambo hilo peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi.

Leo Mama Victorine, mwenye nyumba ninayopanga hapa Kamalondo, amenipakulia bukari, ugali wetu, huku akitazama pembeni. Wakala wa komini, serikali ya mtaa, anapita nyumba kwa nyumba. Mtu wa Kasai asiye na barua ya mwajiri wake kufikia siku ya kwanza ijayo, ahame. Akasema: "Miye siko nakufukuza, mutoto wangu. Ila ni miye bataniuliza." Akaniongezea samaki. Samaki yule amenitisha kuliko maneno.

Barua nimeshaiandika mwenyewe, bila kosa. Inakosa sahihi tu ya Bwana Hellemans, mkubwa wetu wa duka la baisikeli. Nimeingia kwake saa mbili asubuhi. Uso mbaya! Jana yule Mgiriki muuza samaki wa makopo amemtangulia tena ziwani kwa mashua yake, akachukua kona ya matete, pale samaki wanapouma. Kila siku ya Mungu, kila Jumapili, ni hivyo. Nimeficha barua mgongoni, nikasema nimekuja kufunga dirisha. Dirisha halikuwa wazi.

Anaclet, karani mwenzangu, anashauri niombe tu. Ingia, sema, toka. Upuuzi! Mimi nina mpango. Mashua ya Bwana ikikimbia kuliko ya Mgiriki, atafurahi. Akifurahi, atatia sahihi.

Siku ya pili, 6 Juni

Nimesoma kitabu cha motere ya mashua, kurasa arobaini za Kifaransa. Mambo ni mawili. Tumbo la mashua liwe laini. Na elisi, lile panga linalozunguka chini ya maji na kuisukuma mashua, mabawa yake matatu yawe sawa. Laini na sawa! Si kazi ya karani hiyo?

Nimemwambia Bwana ninaweza. Akauliza nilijifunza wapi. Kwa Mapadri, nikasema. (Kwa Mapadri nilijifunza Kilatini na kupanda vitunguu.) Amefurahi. Amenipa ufunguo wa banda la ziwani, akanishika bega. Bega!

Anaclet ameuliza kwa nini sikutoa barua pale pale. Hana subira yule.

Siku ya tatu, 7 Juni

Mchana, bandani. Baridi ya Juni, vidole vimekufa. Nimeipindua mashua na kusugua tumbo lake kwa msasa: ukungu umetoka, matope yametoka, rangi nyeupe nayo imetoka. Kwa hiyo nimepaka nta. Nta ninayoijua ni ile nyekundu ya sakafu ya ofisi. Makopo mawili. Nimeing'arisha kwa brashi ya kuvaa mguuni, kama mtawa Dada Agnès anavyong'arisha kanisa. Kopo la pili lilibaki nusu, nikaona dhambi kulitupa. Nimepaka na ndani pia, mbao za kukanyagia.

Inapendeza! Mtu anaweza kujiona uso.

Siku ya nne, 8 Juni

Elisi. Bawa moja limewahi kugonga jiwe, ni fupi, lina pengo kama limeumwa na mbwa. Mawili ni mazima. Nimefikiri saa nzima. Lazima yawe sawa, kitabu kimesema. Lakini chuma hakiongezeki, kinapungua tu. Basi lile fupi ndilo asili, na yale mawili ni nakala zenye makosa.

Nimechora bawa fupi kwa karatasi ya kaboni. Nimekata mengine kwa tupa, pengo kwa pengo. Sasa matatu yote yameumwa na mbwa mmoja. Hata notari, mthibitisha hati, asingeona tofauti.

Siku ya posho, Jumamosi, 10 Juni

Anaclet ameingiza jalada la barua za wiki zitiwe sahihi. Akauliza yangu iko wapi. Kwenye droo, nikasema, haijafika saa yake. Akasema: "Paulin, ndugu yangu, saa yake ni gani? Weye unangojea malaika?" Nimemwonea huruma. Hajui mambo ya elisi.

Siku ya Mungu, 11 Juni

Bwana amesisitiza nipande naye. Mimi, ambaye huoga kwa kikombe!

Ameweka mguu mmoja ndani. Mguu umeteleza. Amekaa juu ya chambo. Akawasha motere. Motere imelia kama nguruwe, mashua imekwenda kama bibi harusi. Mgiriki ametupita, akavua kofia. Amefika kwenye matete, ametupa ndoano, amevua samaki. Sisi bado tunakwenda.

Kurudi, Bwana amepita katikati ya wenzake wote, nyuma ya suruali yake nyeupe ikiwa nyekundu kama sakafu yetu. Ningependa anitukane.

Jioni nimefunga godoro. Mama Victorine amelia, akanisaidia kukaza kamba.

Siku ya kwanza, 12 Juni

Nimefika ofisini kuchukua kalamu zangu tu. Juu ya meza yangu: barua. Sahihi. Muhuri. Tarehe ya siku ya posho! Anaclet aliitoa kwenye droo yangu, akaiweka kati ya barua ya minyororo na barua ya pampu. Eti Bwana aliuliza tu kama sikuwa nayo tangu zamani.

Bwana ameninyang'anya ufunguo. Nisiguse mashua yake tena maisha yangu yote. Kisha, bila kunitazama, amenipa barua ya kuandika: kuagiza elisi mpya.

Wakala amesoma, ameandika jina langu, amepita. Mama Victorine amefungua godoro kwa meno.

Barua inadumu miezi mitatu. Nimefikiri sana. Siku ya posho Bwana alitia sahihi bila ubishi. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na tumaini. Nani alimpa tumaini? Mpango umefaulu! Anaclet bado anasema niombe tu. Wengine hawajifunzi.

Kwenye agizo nimeandika mabawa manne badala ya matatu. Septemba si mbali.

Ukiokota daftari hili, usilipeleke ofisini. Njoo Kamalondo mchana, nyumba yenye mlango wa buluu, gonga mara mbili, sema umeleta nta. Na ukikutana na Bwana Hellemans, mwambie hunijui. Atakuonea wivu.