Zimwi la Anga na Pipa la Khairat

Jumatatu, 7 Julai
Naanza shajara leo. Ni mahali pekee hapa Dodoma pasipo na masikio. Redio ya mjini imetangaza shindano: ngano za bibi zetu zisimuliwe upya, ziwe na roboti, sayari na vyombo vya angani. Ni Jumamosi jioni, moja kwa moja hewani. Na nani habanduki kwenye redio? Mzee Bartolomayo, baba yake Penina! Ndiye aliyesema posa yangu ataipokea siku atakaposikia nimefanya jambo la maana, hata moja. Basi atasikia.

Nimechukua ngano ya zimwi aliyemfungia binti ndani ya ngoma, akazunguka naye vijijini ngoma ikiimba. Kwangu mimi zimwi katoka sayari nyingine, ngoma ndiyo chombo chake, na mafuta yake ni sauti ya binti. Binti akinyamaza, chombo kinaanguka. Nani mwingine angewaza hivi? Siri kubwa. Nimemsimulia Munir kinyozi tu, nikamwapisha. Na wateja waliokuwa kwenye foleni, nao nikawaapisha.

Jumanne, 8 Julai
Machale yamenicheza. Khairat, muuza nafaka wa Majengo ambaye mimi natengeneza simu kibarazani kwake, kaniuliza ngoma yangu imefikia sayari gani. Kajuaje? Kasema Majengo nzima wanajua, na kwamba yeye naye kajiandikisha kwenye shindano. Kisha kanipa karanga. Za bure! Mtu mwenye nia safi hagawi karanga asubuhi. Nimezila, lakini kwa tahadhari.

Kwa usalama, binti nimemgeuza babu.

Jumatano, 9 Julai
Penina kasema wasiwasi wangu utaniua. Kasema kwa upole mno. Kasema Khairat hana haja na ngano yangu, ana bibi yake mwenyewe aliyemjaza ngano. Na Penina amejuaje habari za bibi wa Khairat? Sikumuuliza. Nimenyamaza kama mpelelezi.

Ngoma nimeitoa. Nimeweka sufuria.

Alhamisi, 10 Julai
Nimechoka kuhisi, nikataka ushahidi. Khairat hufanya mazoezi stoo mchana, wateja wakipungua. Nikamtangulia. Nikaingia kwenye pipa lake la bluu lililo tupu, nikajifunika. Vumbi la mtama likanijaa puani. Chafya ikaja, nikaibana. Ikaja nyingine, nikaibana mpaka machozi. Mguu ukafa ganzi, nikajikaza. Nikajipongeza kimoyomoyo. Jasusi kamili!

Khairat akaingia, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya msimuliaji: "Paukwa!"

Nikajibu: "Pakawa!"

Ningefanyaje? Nimelelewa na bibi kijijini Busi. Kwa bibi, asiyeitikia alipelekwa kulala kabla ngano haijaanza. Mdomo ulijibu bila kuniuliza.

Khairat akarudia, polepole, kama anayejaribu mlango. Nikaitikia tena! Na kwa sauti kubwa zaidi! Akapiga yowe kwamba pipa lina jini. Wapagazi wakaja mbio, wakalivingirisha hadi barabarani nikiwa ndani. Bajaji zikafunga breki. Nikatoka nimejaa pumba, nusu ya Majengo wakinitazama. Munir alicheka mpaka akakaa chini. Khairat hakucheka sana. Alinitazama tu kwa mawazo, na hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 11 Julai
Zimwi nimemtoa pia. Anajulikana mno.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu. Uwanja wa shule hapa mtaani Kikuyu ulifurika. Nikasimulia kwamba sufuria ilikwenda angani, ikarudi. Jaji akauliza kisha ikawaje. Nikamwambia yaliyobaki ni siri. Hewani!

Akapanda Khairat. Zimwi kutoka sayari ya mbali kashuka Majengo, kajificha ndani ya pipa anase siri za wanadamu, kisha awameze. Haonekani kwa mtambo wala roboti. Polisi wameshindwa, jeshi limeshindwa. Bibi mmoja muuza nafaka akaja, akasema "Paukwa", na zimwi akaitikia, kwa sababu kumbe hata huko kwao alikuwa na bibi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zimwi hakuuawa. Alipewa kigoda, akakaa na watoto, akasikiliza. Hapo nikapangusa macho. Vumbi, nadhani.

Kashinda yeye. Nimeula wa chuya. Nampenda Penina, na nimempoteza kwa sufuria. Naumia kweli.

Jumapili, 13 Julai
Penina kaja mbio kutoka kanisani. Kasema jana baba yake alicheka mpaka akamwaga chai. Akauliza kama huyo wa ndani ya pipa ni mtu wa kweli. Penina akanitaja jina, akafumba macho. Mzee akaweka kikombe chini. Kisha akasema mtu anayemwitikia bibi yake hata akiwa mafichoni, huyo kalelewa. Nipeleke posa Jumapili ijayo. Na Khairat kajitolea kwenda na mshenga wangu, anisemee vizuri! Penina alilia kwa furaha. Nami nililia, sikatai.

Baadaye nikakaa, nikafikiri.

Mzee Bartolomayo, acheke? Khairat, anisemee mimi? Na jioni hii kanitumia karanga tena, safari hii zimekaangwa na chumvi. Hapa kuna jambo. Jumamosi mzee na jamaa zake wanakutana uani kwake kupanga mapokezi ya posa, na pale uani nimeona kihenge cha mtama, kikubwa, kitupu, chenye mfuniko. Nitakuwemo tangu asubuhi. Kosa la juzi nimelichunguza vizuri, nimeligundua: ni mdomo.

Nimeshanunua plasta.