Meza Yangu Nafuu na Wageni Wasioalikwa

Zrenjanin, 21 Desemba

Kwa Mhariri,
Jarida la Nyumba Nadhifu,
Belgrade.

Ndugu Mhariri mheshimiwa,

YAH: MAKALA YAKO "MEZA YA KAZI NYUMBANI KWA BEI NAFUU" NA MAAFA YALIYONIPATA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, umeketi mbele ya meza ambayo hakuna mtu aliyeweka bakuli la samaki juu yake. Mimi ni Dobrila Stojšić, mhasibu wa kiwanda cha madirisha, mke wa Tihomir, na msomaji wako wa siku nyingi. Sina mazoea ya kulalamika. Hata ulipotushauri tupake jiko rangi ya zambarau nilinyamaza, nikapaka, nikaumwa kichwa, nikapaka tena nyeupe. Safari hii lakini nimeshindwa kumeza.

Nianze na hali yenyewe ili usidhani nakuonea. Kiwanda kimefunga ofisi yake ya hapa mjini. Mkurugenzi wetu, Bi. Bogdana, akatangaza kwamba mhasibu mwenye mahali rasmi pa kazi nyumbani kwake ataruhusiwa kubaki huko, na asiye napo atapanda basi kila asubuhi kwenda ofisini Novi Sad. Basi hilo nalijua. Nililipanda nilipokuwa kijana, natoka na giza narudi na giza, na majira yote ya baridi nilikuwa naiona nyumba yangu kwa mwanga wa jua siku za Jumapili tu. Sasa nina magoti mabovu, na nina mama mkwe, Mama Vukosava, mwenye miaka themanini na ushee, ambaye nikigeuka kidogo tu anapanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati. Meza kwangu haikuwa pambo. Bi. Bogdana alisema kabla ya mwaka mpya atapiga simu ya video, siku asiyoitaja, aione meza hiyo kwa macho yake, ndipo aamue.

Basi nikaikata makala yako, nikaibandika kwenye friji, nikaifuata neno kwa neno. Sikiliza sasa.

1. Uliandika, "Pima nafasi uliyo nayo." Nilipima. Nafasi nzuri kuliko zote ilikuwa kwenye roshani yetu ya vioo, penye mwanga, pametulia. Ila pale pana pipa la kabichi ya chumvi, kama ilivyo roshani ya kila mtu mwenye akili timamu msimu huu. Nikamwomba Tihomir kwa upole alisogeze. Mama Vukosava akaweka mkono kwenye mfuniko wa pipa utadhani nimetaka kumuuza mjukuu wake. "Kabichi haisogezwi ikishaanza kuchacha, mwanangu. Wewe kaa popote, wewe huchachi." Makala yako, Ndugu Mhariri, haina hata mstari mmoja kuhusu kabichi. Nikajibana chumbani, kati ya kitanda na kabati.

2. Uliandika, "Chagua meza pana, mikono ipate uhuru." Hapa ndipo uliponiponza. Nilipata meza ya mbao za maranda, rangi ya asali, bei chini ya jozi moja ya buti za baridi, nikajiona mjanja. Mikono yangu ilipata uhuru kwa muda wa kwenda kuchemsha kahawa. Niliporudi nilikuta kitambaa cha kufuma kimetandikwa. "Meza tupu ni aibu," Mama Vukosava aliniambia. "Watu watasema tumefilisika." Kitambaa kikaita chombo cha maua, chombo cha maua kikaita picha ya marehemu baba mkwe akiwa jeshini, kisha yakaja matunda ya dunja, yale makubwa ya manjano ambayo kwetu huwekwa juu ya kabati yanukishe chumba. Nikauliza kwa nini yameshuka. Nikajibiwa kwamba sasa, kwa kuwa nina meza, hana haja tena ya kupanda kiti. Ungemjibu nini? Siku iliyofuata nilikuta hata kompyuta yenyewe imevishwa kitambaa, kidogo, cha saizi yake, kimefumwa usiku huohuo.

3. Uliandika, "Hakikisha kimo kinakufaa." Meza iliuzwa vipande vipande, na karatasi ya maelekezo ndani ya boksi. Mume wangu aliitazama karatasi hiyo kama mtu anayetazama tusi. "Nimefunga pampu za trekta mimi, nitashindwa na miguu minne?" Alishindwa na mmoja. Ukawa mrefu kuliko wenzake. Akaukata. Akakata na wa pili ulingane nao, akapitiliza, akairudia mingine, na mwishowe meza ikasimama sawasawa, chini ya pale ulipoelekeza. Nilikuwa karibu kulia. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho, akasema kwa furaha, "Angalia! Imelingana na meza ya chakula kabisa!" Wakati ule sikuelewa kwa nini jambo hilo linampendeza kiasi kile. Ningejua, ningeirudisha dukani usiku uleule.

4. Tarehe kumi na tisa, Ndugu Mhariri, ni Mtakatifu Nikola, na hiyo ndiyo slava yetu, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo wa Stojšić tangu enzi na enzi. Nusu ya mji siku hiyo inapika na nusu nyingine inakwenda kula. Sisi tuko upande wa kupika. Nina haki ya likizo siku hiyo, lakini nani aombe likizo wakati anataka kuonekana mchapakazi? Nikajifungia chumbani na hesabu zangu, nimevaa blauzi ya kazini juu na slipa za manyoya chini.

Mlango ukafunguliwa. Kwa kuwa mgeni wa slava haalikwi, anakuja mwenyewe, hujui kamwe watakuja wangapi, na asubuhi ile Mama Vukosava alikuwa ameota wengi. Tihomir na kaka yake wakainyanyua meza yangu, kompyuta ikiwa juu yake na mimi nimeing'ang'ania, wakaipeleka sebuleni na kuiunganisha na meza ya chakula. Ililingana kweli. Kitambaa cheupe kikatandikwa juu ya zote mbili, na mpaka wa ofisi yangu ukafutika duniani.

Kabla sijapata la kusema, akaingia Padri Gavrilo, anatweta, maana siku hiyo ana nyumba nyingi kuliko mtu wa posta. Mkate wa slava, ngano tamu ya kuchemsha, mshumaa na divai vikawekwa mahali palipobaki wazi, yaani mbele ya kompyuta yangu. Ubani ukafuka. Padri akaanza kuimba. Na simu ya video ikaita.

Ningefanyaje? Nilipokea. Bi. Bogdana alitaka kuona mahali rasmi pa kazi, akaona mshumaa, ndevu, na tawi la mrehani likimrushia maji ya baraka usoni kupitia kioo. Akafanya ishara ya msalaba, akasubiri mpaka wimbo ulipoisha. Kwa kiwewe nikasema, "Samahani sana, Mkurugenzi, leo tuna slava." Nilimaanisha anipigie kesho. Akasema, "Kumbe! Hongereni," akakata.

5. Sasa hili nalisema kwa aibu. Mimi niliyezaliwa hapa, niliyeolewa hapa, nilisahau kwamba kwetu ukishamwambia mtu siku yako, basi. Hakuna mwaliko mwingine. Kidogo baada ya saa sita mchana kengele ya mlango ililia, nikafungua, na pale mlangoni akasimama Bi. Bogdana mwenyewe na chupa ya divai na boksi la chokoleti. "Heri ya slava kwa mwenye nyumba!" Nilikuwa bado na slipa za manyoya.

Na unadhani aliketishwa wapi? Nafasi pekee ilikuwa kwenye ile meza pana uliyonishauri. Mkurugenzi wangu alikula supu ya samaki, samaki wa kukaanga, maharage ya mfungo wa kabla ya Krismasi na keki mbili juu ya mahali pangu rasmi pa kazi. Mama Vukosava alijibana karibu naye, akawa anamwongezea sahani na kumnong'oneza mambo ambayo sikuyasikia, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni nageuza samaki huku machozi yananitoka, na si yote yalikuwa ya vitunguu. Kila nilipotoka na sinia nilimwona Bi. Bogdana anaipapasa meza, anaichungulia chini, anatikisa kichwa. Jioni aliaga vizuri, akanibusu mara tatu kama desturi, asiseme neno lolote kuhusu kazi. Hata moja! Usiombe yakukute.

6. Jana nilitaka kurudisha meza chumbani. Mama Vukosava akasimama mbele yake. Ati meza iliyobeba mkate wa mtakatifu na kumwagikiwa divai ya baraka haiwezi kurudi kubeba ankara za madirisha. Nikamwambia ni mbao za maranda, Mama. Akaniambia, "Hata wewe ulikuja na sanduku moja, mbona tumekuheshimu?" Nikaiacha palepale sebuleni. Kwa hiyo leo naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya pipa la kabichi, na vidole vinaniganda.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na sioni wa kulaumiwa ila wewe. Mama Vukosava ametimiza wajibu wake. Tihomir ana mikono aliyopewa na Mungu. Mtakatifu Nikola ana siku yake. Bi. Bogdana alikuja kama mtu mwenye adabu. Wewe ndiye uliyeandika neno "pana." Meza yangu ingekuwa nyembamba kama ubao wa kupigia pasi, hakuna mtu angeketi hapo, hakuna kitambaa kingetandikwa, na mimi nisingekuwa nasubiri kupelekwa Novi Sad kwa basi la alfajiri. Kwa heshima na taadhima, basi, naomba yafuatayo:

(a) Jarida litangaze kwenye ukurasa wa mbele kwamba meza ya kazi nyumbani isizidi upana wa sahani moja ya supu.

(b) Watengenezaji washauriwe kuziuza zikiwa zimeinama kama paa, ili dunja, bakuli na picha za marehemu viteleze vyenyewe pasipo kumgombanisha mtu na mama mkwe wake.

(c) Bunge liombwe kupitisha sheria kwamba meza ya mhasibu ni ardhi ya nchi nyingine. Atakayetaka kuweka sahani aonyeshe pasipoti, na anayetaka kuihamisha apitie kwa balozi, ambaye nitakuwa mimi.

(d) Wewe binafsi, Ndugu Mhariri, upande lile basi, japo wiki moja tu, mwezi wa Januari.

Najua utaniona mkali. Sikuwa hivi. Nilitaka tu mahali pangu ndani ya nyumba yangu, padogo, kwa bei ninayoiweza, nikae hapo mchana kukiwa na jua na mama wa watu akiwa salama chini, si juu ya kiti. Kama hilo ni kubwa mno kwa kurasa zako, nijibu hivyo kwa maandishi.

Nisalimie wote wa hapo ofisini, mpiga picha, mpiga chapa, na yule dada anayeandika mapishi. Mwambie keki yake ya malenge haiivi kwa dakika alizotaja. Salamu pia kwa mkeo na mama mkwe wako, kama unaye. Ninabaki, kwa hasira iliyo katika mipaka ya adabu,

Msomaji wako,
Dobrila Stojšić

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha Bi. Bogdana alipopiga simu. Nilipokea nikiwa nimesimama palepale kwenye pipa. Akasema nabaki nyumbani. Nikamuuliza ni kwa ajili ya mahali pa kazi? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema mahali pangu pa kazi ni kichekesho kitupu, lakini Mama Vukosava alimshika mkono pale mezani akamwambia, "Mwanangu, huyu mkwe ukimpeleka Novi Sad, mimi nitakaa kutwa nzima natazama mlango." Na akasema mtu hawezi kula samaki wa mama wa watu na kumkatalia ombi kwenye meza hiyohiyo. Nilikaa chini kwenye vigae vya roshani, Ndugu Mhariri, nikalia kama mtoto. Miaka yote hii nilidhani Mama Vukosava ananitafutia kasoro.

Kwa hiyo uyapuuze yote niliyoandika hapo juu, hasa (a) na (b). Badala yake naomba unielekeze haraka panapouzwa meza ya kazi ya bei nafuu iliyo pana zaidi, tena ya kurefushwa, maana Bi. Bogdana ameiambia idara nzima ya uhasibu siku yetu ni ipi. Mama Vukosava amesimama nyuma yangu na anasisitiza niandike kwamba isiwe na ubao wa mbele, wageni wasije wakagonga magoti.